Namba Kwenye Nguzo za Nyigu

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, bustani ya michezo ya Harmon ikiwa imefungwa na theluji imelala juu ya vibanda vya tiketi, Leonard Hudak aliegesha gari lake nje ya uzio wa kaskazini, akashusha kioo na kutazama ndani kwa darubini. Alitazama kwa dakika kama ishirini. Kisha alikuja mkahawani kwa Elsie, akaagiza kahawa na viazi vya kukaanga vyenye mchuzi, na kutueleza alichokiona.

Mezani tulikuwa wanne. Leonard mwenyewe; Duane Kessler, tarishi wa posta, mtu wa mizaha; Patti Svoboda, mwenye saluni ya Mtaa wa Tatu; na mimi, ninayefundisha katika chuo cha wilaya. Kilichotukutanisha ni treni za miteremko, zile zinazovutwa kwa mnyororo hadi kileleni halafu zikaachiwa. Watu wengi huzipanda mara moja kwa mwaka, wakapiga kelele, wakashuka kwenda kutafuta aiskrimu. Sisi tulizipenda hata zikiwa zimesimama. Bustani ilipofungwa mwisho wa Oktoba ndipo kazi yetu ilipoanza, nayo ilikuwa kubashiri: treni ipi itapakwa rangi mpya, ipi itaongezwa mzunguko, ipi itaondolewa.

Wenye bustani hawakusema kitu mpaka Januari, kwa hiyo tulisoma ishara. Vijiti vyenye utepe mwekundu ardhini vilimaanisha nyaya za umeme, vyenye utepe wa buluu vilimaanisha maji, na vya rangi ya waridi vilikuwa vya wapima ardhi, ambavyo ndivyo vilivyotukosesha usingizi. Patti alikuwa na shangazi aliyefanya kazi ofisi ya mji, akatuletea habari za vibali vya ujenzi. Duane alijua lori gani limeleta nini. Lakini aliyeweza kuunganisha vipande vyote ni Leonard. Aliwahi kutazama unene wa bomba moja lililoachwa kwenye matope akasema itajengwa michezo ya mashua, na ikajengwa. Tangu hapo Duane alimwita Nabii.

Jicho lile alilipata kazini. Alizaliwa mwaka 1949, kwenye nyumba za mlimani juu ya bustani, baba yake akiwa mtu wa matanuri ya makaa. Yeye aliajiriwa kiwanda cha chupa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye kiti kirefu, chupa zikipita mbele ya taa, akaondoa zenye ufa. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na mgongo uliopinda kidogo na mazoea ya kutazama kila kitu kama kinaweza kuwa na ufa.

Mkewe aliitwa Bernadine. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, na Ijumaa za Kwaresima alikuwa ndiye mkuu wa wanawake waliopika pierogi, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, katika chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Cyril. Hawakujaliwa watoto. Walichokuwa nacho ni Nyigu, treni ya zamani kuliko zote pale Harmon, ya mbao tupu, mabehewa yake yakiwa na mistari ya njano na nyeusi. Waliipanda siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa kwa kila msimu, tangu mwaka waliooana. Kiti chao kilikuwa cha nyuma kabisa, maana cha nyuma ndicho kinachokurusha. Pale juu, mnyororo ulipokuwa karibu kuachia, Bernadine alikuwa na desturi ya kumgeukia mumewe na kumwuliza kwa utulivu kabisa, "Hudak, ulifunga mlango wa nyumba?" Alimwuliza hivyo kila mara, na kila mara Leonard alisahau kujibu kwa sababu tumbo lilikuwa limeshapaa.

Halafu mapafu ya Bernadine yakachoka. Mwaka wa pili wa ugonjwa alikuwa akitembea na mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, mirija ikiwa puani. Majira ya kuchipua hayo hakupanda. Siku ya ufunguzi alikuwa hospitali. Alisema si kitu, atapanda siku ya kufunga. Alilitaja jambo hilo majira yote ya joto. Sikumsikia akitamani kitu kingine.

Mwezi wa Septemba, kabla hata bustani haijafungwa, Leonard alikuja mkahawani amechangamka kama mtu aliyepewa mjukuu.

"Nyigu imeandikwa namba," alisema. "Kila nguzo. Namba nyeupe, zimepigwa kwa chapa, zinafuatana. Nimeona mpaka mia mbili na kumi na moja."

"Namba za nini?" Patti aliuliza.

"Mnakumbuka farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka? Waliandikwa namba tumboni, wakapelekwa kwa fundi, wakarudi mwaka uliofuata kila mmoja mahali pake. Ndivyo inavyofanywa. Wataifungua Nyigu kipande kwa kipande, watabadilisha mbao zilizooza, watairudisha. Mei itakuwa laini kama siagi."

"Na kama wanaivunja, Mzee Len?"

"Patti, mwanangu. Anayevunja haandiki namba. Anakuja na tingatinga, jioni ameshamaliza. Nani anaandika namba kwenye takataka?"

"Nabii amenena," Duane alisema. "Pitisheni sahani ya sadaka."

Tukacheka. Tukaamini pia. Hoja ilikuwa nzuri, na aliyeitoa hakuwa amekosea kwa miaka sita. Wiki ile ile tuliandika habari hiyo kwenye ukurasa wa mashabiki, na watu wa majimbo mengine wakatushukuru.

Siku ya kufungwa ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa nyembamba na baridi, ile isiyoonekana mpaka utazame dimbwi. Bernadine alikuja amevaa koti la Leonard juu ya koti lake. Daktari alikuwa amemkataza.

"Daktari hakuniuliza nataka nini," aliniambia. "Ni dakika moja na sekunde arobaini, mwanangu. Naweza kuacha mtungi kwa dakika moja na sekunde arobaini. Huwa nauacha zaidi ya hapo nikitafuta miwani."

Foleni ilikuwa fupi. Mwendesha treni, mama mmoja aliyewafahamu kwa miaka mingi, aliitikia kwa kichwa kuashiria kwamba kama wao wako tayari, naye yuko tayari. Hapo Leonard alisimama. Alimshika mkewe kiwiko.

"Tungoje," alisema.

"Tungoje nini?"

"Leo inatikisa vibaya, mbao zimelowa. Itakuumiza. Wataitengeneza baridi hii, Bernie. Mei itakuwa mpya. Wewe pumzika hii miezi, upate nguvu, Mei tunapanda mara mbili mfululizo."

"Mei."

"Mei. Namba ziko pale, ukitazama unaziona."

Bernadine alizitazama. Kutoka mahali tuliposimama nguzo za kwanza zilionekana wazi, na namba zao, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Alizitazama kwa muda. Kisha alimtazama mumewe.

"Una hakika, Hudak?"

"Nina hakika."

"Haya," alisema.

Walikwenda kukaa kwenye benchi lenye paa. Duane, Patti na mimi tulipanda. Tulipokuwa tunavutwa juu niliwaona chini yetu, makoti mawili na mtungi katikati, nikawapungia mkono. Bernadine alinipungia. Ilikuwa safari nzuri, naikumbuka vizuri.

Tangazo lilitoka Januari, wiki ya pili. Duane alilisoma kwenye simu yake hapo hapo mkahawani, kwa sauti, kama tulivyozoea. Alianza kwa mbwembwe, akamaliza kwa sauti ya chini. Bustani ilikuwa inawashukuru wageni wake wote. Nyigu ilikuwa imemaliza utumishi wake. Kazi ya kuishusha ingeanza mwezi huo huo. Na kwa kuwa wapenzi wa Nyigu walikuwa wengi, vipande vyake vingeuzwa kwa mnada kama kumbukumbu, kila kipande na namba yake halisi na cheti cha kuthibitisha.

Elsie alikuja na birika, akaona nyuso zetu, akarudi nalo.

"Soma tena pale penye namba," Leonard alisema.

Duane alisoma tena.

"Kwa hiyo ni kwa ajili yetu," Leonard alisema. "Namba zile. Waliziandika kwa sababu yetu sisi."

"Len, sote tuliamini," Patti alisema.

Aliondoka bila kumaliza viazi vyake. Baadaye nilijua kwamba alikwenda moja kwa moja nyumbani, akakaa mbele ya Bernadine na kofia kichwani, akamwambia. Bernadine akamwambia avue kofia.

Nilikwenda kumwona Bernadine Februari. Walikuwa wamemwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha, ambako zamani kilele cha Nyigu kilionekana juu ya miti. Leonard alikuwa ametoka kwenda duka la dawa. Nilimpa supu, akanywa vijiko vitatu, akaniomba niiweke kando.

"Hudak halali usiku," alisema. "Anazunguka nyumba nzima na soksi, anadhani simsikii. Anaona amenidhulumu."

"Alikosea tu, mama. Sote tulikosea."

"Mimi sikukosea." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Mama yangu alipofariki, dalali wa mnada alikuja nyumbani akabandika namba kila mahali. Kwenye viti. Kwenye vikombe. Hata kwenye kifuniko cha sufuria alibandika. Namba zikifuatana vile, ujue kitu kimeshauzwa. Nilipoziona siku ile pale kwenye foleni nilijua."

Nilimwuliza kwa nini basi alimjibu "Haya" akakubali. Kwa nini hakupanda.

"Ulimwona uso wake? Tangu daktari atuambie habari ya mapafu, Hudak alikuwa hataji mwezi wowote ujao. Akinunua maziwa anatazama tarehe, ananyamaza. Siku ile akasema Mei. Akaisema mara tatu." Alitabasamu kidogo. "Ningepanda, ningekuwa namwambia kwamba ndiyo ya mwisho."

"Mwambie sasa."

"Wewe, usithubutu. Ataanza kujiuliza ni mangapi mengine nilijua." Nikamwahidi.

Alifariki tarehe tatu Machi, asubuhi. Nyigu ilikuwa imeshushwa yote wiki moja kabla; kutoka dirishani pake ilionekana anga tu.

Baada ya maziko tulikula katika kile chumba cha chini cha kanisa. Wanawake aliowaongoza ndio waliopika, kabichi na tambi, na ilionekana wazi kwamba hawakuwa na wa kuwaambia chumvi imezidi. Leonard aliketi mwisho wa meza ndefu. Watu walikuja kumshika mkono, naye alimwambia kila mmoja asante kwa kuja. Nilipoketi kando yake hakusema asante.

"Nilimnyima," alisema. "Alikuwa ameshafika. Ilibaki kukaa tu kwenye kiti. Nikamnyima."

Niliahidi kunyamaza, na sijui kama mtu aliyefariki anaendelea kudai ahadi. Nilimtazama alivyokuwa ameshika uma bila kuutumia, nikamwambia. Nilimwambia yote, dalali, kifuniko cha sufuria, Mei mara tatu.

Meza ya pili watu walikuwa wanasukuma viti.

"Alijua palepale kwenye foleni?"

"Palepale."

"Akasema haya."

"Akasema haya."

Aliweka uma chini, akaunyosha usawa na ukingo wa meza.

"Basi na mimi nikwambie," alisema. "Zile namba, mimi sikuzikagua vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuona ufa, nimeifanya maisha yangu yote. Ningezikagua kama chupa ningeona. Farasi wale waliandikwa namba mahali pa siri, tumboni, ili rangi isiharibike. Hizi ziliandikwa mbele, ili zionekane. Niliona hilo. Nikalipita." Alifuta mdomo ingawa hakuwa amekula. "Daktari alinivuta kando akaniambia moyo wake unaweza kusimama pale juu. Sikuweza kumwambia Bernie naogopa. Angenicheka, halafu angepanda. Namba zikanipa la kusema."

Sasa wote wawili hawapo, ndiyo maana ninaona naweza kuyaandika haya. Walisimama kwenye foleni moja, kila mmoja akimkinga mwenzake na jambo ambalo wote wawili walilijua, na treni ikaondoka bila wao.

"Usiwaambie wale," alisema, akielekeza kidevu kwa Duane na Patti. "Waache wajue nilikosea kusoma. Hilo naweza kuishi nalo."

Aliendelea kuja mkahawani Jumamosi. Wiki za mwanzo Duane alimwogopa, akazungumza habari za barabara na bei za matairi. Kisha siku moja ya Aprili zilionekana tepe za waridi pale palipokuwa na Nyigu, zaidi ya arobaini, na Duane alikuwa na picha. Ubishi ukaanza. Patti alisema ni treni ya chuma. Duane alisema ni maegesho ya magari, kisha akamsogezea Leonard picha, akajaribu, kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga barafu.

"Nabii, unasemaje? Lakini kama zina namba, usituambie."

Patti alimpiga teke chini ya meza. Leonard aliitazama ile picha, kisha akacheka, kicheko kifupi, akaikunja shingo kama mtu aliyeshikwa na kosa.

"Mniache jamani," alisema. "Mzee sijui kusoma namba."

Nao wakacheka, wakiwa wamefarijika, na Duane akampigapiga mgongoni. Mimi nilikoroga kahawa yangu. Utani ule uliendelea kwa miaka minne, kila Jumamosi, na kila mara Leonard aliupokea kwa mikono miwili.