Jani Lililonificha

Mfuko wangu wa chakula ulitolewa wote huko Mwanza, na bado napalilia migomba yangu hapa Nyabiyonza. Anayebisha aje nimwonyeshe kovu, kisha tuingie shambani tuone nani atachoka kwanza.

Kwetu ebitoke, ndizi za kupika, na maharage vikiiva humwagwa kwenye jani la mgomba, nyumba nzima tukalizunguka, kila mtu akala upande wake. Hakuna anayejua mwenzake amekula kiasi gani. Mimi jani hilo lilinificha karibu mwaka mzima. Nilikuwa nashiba kwa vipande viwili. Cha tatu kinasimama hapa kifuani, hakiendi wala hakirudi. Basi nasukuma sehemu yangu mbele ya wajukuu, huku nawagombeza wasichezee chakula. Nilikunywa mubirizi, yale majani machungu, nikameza na vidonge vya vidonda vya tumbo. Gauni la kanisani lilipoanza kunipwaya nilisingizia kazi za shamba. Kusema kweli niliogopa. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia masufuria kwenye misiba na harusi za kijiji kizima, ningeanzaje kusema chakula kinanishinda?

Mke wa mwanangu mkubwa anatoka Songambele, wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Mwanzoni sikumpenda, na sifichi. Nilimwona mnyamavu mno, macho hayatulii. Jumapili moja baada ya misa akapakua chakula kwenye sahani, kila mtu na yake. Nikawaka.

“Hapa hotelini? Jani limekukosea nini?”

“Samahani mama, leo tu,” akasema, akapiga magoti na kuniwekea sahani.

Wenzangu walipomaliza, sahani zao zilikuwa tupu. Yangu imejaa, vipande viwili tu ndivyo vimeondoka. Kila mtu aliona.

“Mama, nimekuangalia tangu tulipovuna maharage,” akasema. “Huli.”

Jamani! Alinivua nguo mbele ya wajukuu zangu. Nikamwambia arudi kwao. Hakurudi. Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni kavaa viatu vya safari, na kikapu changu kashakifunga.

Hospitalini waliniingizia kamera kwa mdomo, mpira mwembamba wenye taa, wakanyofoa kinyama kidogo kwenda kukipima. Ikawa saratani. Wakatutuma Mwanza kwa daktari wa upasuaji, mtu mpole, akachukua karatasi na kutuchorea. Kama ingekuwa ndogo na iko sehemu ya chini ya mfuko, wangekata kipande na kuacha kingine. Kama ingekuwa imeshafika kwenye ini, kisu kisingeimaliza. Wangenisaidia tu chakula kipite na maumivu yapungue. Yangu ilikuwa juu na haijasambaa mbali. Kwanza dripu za dawa, halafu mfuko wote utoke pamoja na tezi za jirani, na utumbo mwembamba uvutwe juu uungwe na njia ya chakula inayotoka kooni.

“Sasa chakula kitakaa wapi?” nikauliza.

“Hakitakaa, mama. Kitapita kidogo kidogo. Utakula mara sita au saba kwa siku, chakula kidogo sana.”

“Basi niacheni nife nikiwa mzima.”

Hapo mkamwana wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, aligeuka akanikabili.

“Mama yangu mzazi naye alikuwa anasema ameshiba. Nilikuwa msichana, nikamwamini, nikamzika. Wewe sikuziki hivi hivi nikiwa naona!”

Nikaomba kalamu nikasaini.

Sitasema ilikuwa rahisi. Dripu ziliniangusha nywele. Baada ya upasuaji nilijifunza kutafuna upya kama mtoto. Siku moja, kwa jeuri yangu, nilikunywa kikombe kizima cha juisi ya ndizi mbivu. Weee! Jasho, moyo unadunda, miguu imelegea, nikalala chini nikajua ndiyo safari. Kumbe vitu vitamu havina tena pa kusubiri, vinashuka utumboni kwa mpigo. Siku hizi naonja tu. Sindano ya vitamini nachoma maisha yangu yote, na kliniki naenda wakiniita.

Muda wote huo nilikula kwenye kisahani, peke yangu, na jani nililiangalia kwa mbali. Pasaka iliyopita watoto wote walikuja, jani likatandikwa, na mkamwana wangu akanishika mkono akaniketisha. Mbele yangu alikuwa ametenga vipande vinne na maharage kidogo, akapiga mstari kwa kidole kuvizunguka.

“Hapa ni pa bibi,” akawaambia watoto. “Mkono wa mtu usivuke.”

Nikala taratibu. Wenzangu walimaliza zamani, lakini hakuna aliyenyanyuka kwenda kunawa. Hata wale wajukuu watundu walitulia wakinitazama nikitafuna. Nikamaliza cha tatu. Nikapumzika. Nikamaliza cha nne, na maharage nikayakomba.

Mkamwana wangu akalitazama jani mbele yangu, limebaki kijani tupu, akaanza kulia.

“Unalia nini mbele ya watoto?” nikamgombeza. “Lete maji ninawe. Na kesho unitengee vitano.”