Shata ya Karoli

Usiniangalie hivyo. Pombe sinywi, na haya hayakutokea usiku. Ilikuwa saa kumi jioni, jua linawaka, kwenye karakana yangu hapa Gahanga, na aliyeyaona ni mimi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Mimi ni fundi wa kamera zile kubwa za mbao, za kusimama kwa miguu mitatu. Kazi yangu hasa ni shata, yaani kile kidude cha chuma cha kwenye lenzi: ukibonyeza, vijibati vyake vinafunguka, mwanga unaingia, vinafunga. Vikichafuka vinanata. Dawa yake ni kufungua kila kitu, kuosha kwa petroli na kuacha vikauke. Siku mbili. Kila fundi anajua.

Karoli, mpiga picha wa Busanza, aliniletea shata yake siku ya Ijumaa. Mke wake alikuwa mahututi, na ana mtoto mchanga. Mama wa watu aliomba kitu kimoja tu: picha yake na huyo mtoto. Ya simu hakutaka kabisa. Alisema mumewe amepiga picha maharusi wa Kigali nzima, na yeye hajawahi kukaa mbele ya ile kamera hata mara moja.

"Kesho asubuhi, ndugu yangu," Karoli akaniambia. "Itawezekana?"

Ningesema haiwezekani, angeazima nyingine. Lakini mimi na kiburi changu! Nikadondoshea mafuta ya cherehani ndani. Shata ikalia vizuri ajabu. Nikamwambia, "Iko sawa."

Kesho yake mafuta yakatambaa mpaka kwenye vijibati, vikanata vikiwa wazi. Filamu zote zikaungua kwa mwanga. Jumapili yule mama akafa. Na mimi, unajua nilimwambia nini Karoli? "Shata za zamani ndivyo zilivyo." Akanishukuru kwa kujitahidi. Akanishukuru!

Wiki mbili baadaye akaingia mwanamke amevaa mushanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, mwembamba, ana mwanya. Sikumjua, mke wa Karoli sikuwahi kumwona. Akaweka shata mezani, akakaa.

"Fundi, jaribu."

Nikabonyeza. Vijibati vikafunguka, havikufunga. Yule mwanamke akatulia tuli, mikono mapajani kama amepakata kitu, macho hayapepesi. Nikadhani ananitania. Nikangoja. Kifua hakipandi, hakishuki.

"Mama, pumua basi!"

"Siwezi," akasema, na midomo haikutikisika. "Bado iko wazi."

Nikavisukuma vijibati kwa kidole. Kidole kikatoka na mafuta. Hapo nikaitambua ile shata, nikaielewa na ile mikono. Nilipoinua macho, kiti kitupu. Haki ya Mungu nilijikojolea, mtu mzima mimi.

Nikaenda Busanza jioni hiyohiyo. Karoli akafungua kabati alimofungia kamera: shata haimo. Nikamweleza yule mwanamke alivyokuwa, mpaka mwanya. Kisha nikamweleza habari ya mafuta. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alimchukua mtoto akamweka mapajani mwangu, akasema, "Mwambie yeye."

Ungemwambia nini mtoto wa miezi mitatu?

Sasa ana miaka minne, ameanza kuuliza mama yake alikuwaje. Baba yake anamjibu, "Muulize fundi, picha iko kwake," anamleta mpaka mlangoni kwangu, anageuka bila salamu. Shata ile nimeiosha mara saba na bado haifungi. Na ile sura inanitoka kichwani, niamini. Mwanya naukumbuka. Macho siyakumbuki tena. Nabuni, na mtoto ananisikiliza kwa makini, anaamini kila neno.

Kwa hiyo wewe fundi unayenisikia, uwe wa nini sijui: mtu akikujia na haraka yake, na kazi yake huiwezi kwa siku hiyo, mwambie huiwezi. Mwambie pale pale, angali na muda wa kwenda kwa mwingine.