Breki za Kombi ya Baba Editha

Simeoni hakuwa mtu wa kutulia hata gari likiwa zima. Lilipoharibika ndiyo kabisa, hakukaliki naye. Wiki ile ya harusi ya binti yake, watu wa Ilongero walimwona kutwa akiizunguka kombi yake, akiinama, akiinuka, akilipiga tairi teke kana kwamba tairi ndilo lenye kosa.

Zamani alikuwa dereva wa lori la ushirika, mpaka ushirika ulipokufa. Ruksa ya biashara ilipoingia na kila mtu akawa mfanyabiashara, alinunua kombi iliyochoka, akawa anabeba abiria na magunia ya alizeti kwenda Singida mjini. Sifa yake ilikuwa moja, na aliitangaza bila kuombwa: hajawahi kuumiza abiria. Kwa hiyo Editha alipochumbiwa na kijana wa Shelui, Simeoni alitamka mbele ya wakwe kwamba mwanawe ataletwa na baba yake, kwa gari la baba yake. Na kufika Shelui ni lazima uteremke mlima Sekenke.

Sasa pedeli ya breki ilikuwa ikikanyagwa inazama mpaka chini.

Alihisi ni upepo umeingia kwenye mabomba ya breki. Akalala chini ya gari, mkewe Damari akapanda kitini, wakaanza kuutoa. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mchana mzima hawakuwa na mazungumzo mengine. Pedeli ikawa ngumu, Simeoni akaimba. Asubuhi ikazama tena, akakataa chai. Alikagua mabomba, hayavuji. Akafungua magurudumu, breki shuu za kubana gurudumu bado nene. Akalaumu vipuri vya siku hizi, akamlaumu na fundi wa mjini ambaye hakuwa na habari. Damari alimwacha aseme mpaka achoke.

Siku moja kabla ya harusi akafungua silinda ya gurudumu la mbele. Raba ya ndani ilikuwa imevimba na kulainika kama haragwe lililolowekwa. Aliitazama sana. Kisha akachovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya breki, akanusa, akanusa tena. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya jikoni kwake.

"Mama Editha, nani katia mafuta ya alizeti humu?"

Damari alikuwa kwenye mashine ya mkono, anakamua mafuta ya kupikia wageni. Hakulikwepa swali. Alisema ni yeye. Wiki iliyotangulia alikuta kikopo kimepungua na mumewe kalala kwa uchovu, akajazia yale safi aliyoyachuja kwa kitambaa.

"Si wewe unayesimulia kila siku kwamba miaka ya shida mlitia maji ya sabuni na lori likafika?" alisema. "Nikaona yangu ni afadhali kuliko sabuni."

Hasira ilimpanda Simeoni, ikakosa pa kutokea. Ni kweli alisimulia, na kwa mbwembwe. Sehemu ambayo hakuwahi kuisimulia ni kwamba lori lile lilisimamishwa na ukuta wa ghala.

Raba zote zilikuwa zimeharibika, na za kombi ile mjini hazikuwepo. Akakaa, akainuka, akalizunguka gari tena. Angeweza kubadilisha mafuta na kuondoka hivyo hivyo. Pedeli ingeshika mpaka Iguguno, pengine mpaka Misigiri, na baada ya hapo ni mteremko wa Sekenke. Aibu ilimuuma kweli kweli. Jioni alivaa koti lake la harusi, akaenda kumwomba Alphonce, mwenye lori, mtu aliyekuwa akigombania naye abiria kila kukicha. Alphonce alikubali wala hakumcheka, na hilo likamuuma zaidi.

Kesho yake Editha alikaa mbele na dereva. Simeoni alikuwa nyuma, kwenye benchi, amebanwa katikati ya akina mama wanaoimba. Lori lilipoanza kuteremka Sekenke, mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga ubao. Kila kona alikanyaga, akashikilia, jasho likimtoka. Hata nyimbo hakuzisikia.

Damari, aliyekaa ubavuni mwake, aliuona ule mguu. Akaweka wake juu yake, wakawa wanakanyaga pamoja, kona baada ya kona, mpaka barabara ikanyooka kwenye mbuga.

"Achia, baba Editha," alimwambia taratibu. "Mtoto amefika."