Maji Yaliyowaka Mkunya

Mama alinipigia simu nikiwa katikati ya kipindi cha kidato cha tatu, akaniambia mjomba ameunguzwa na maji. Nikamuuliza, ya chai au ya uji?

"Ya baridi," alisema. "Panda uje. Si wewe ndiye mwalimu wa kemia?"

Mimi nafundisha Masasi. Mama anaishi Mkunya, kule juu Newala, katika nyumba niliyozaliwa. Kule maji yako chini sana, na sisi sote tumekuzwa na maji ya mvua, ya kukinga kwenye bati na kuyatunza mpaka yabadilike rangi. Kwa hiyo wachimbaji wa kisima walipokuja na mtambo wao na kuusimamisha nyuma ya mikorosho ya mama, kijiji kizima kilihamia pale. Walitoboa mpaka watu wakachoka kutazama. Kisha maji yakapanda yenyewe, yanatokota kama yako jikoni, na ukiyagusa ni ya baridi. Mjomba, kaka yake mama, aliinama kuyanusa huku sigara iko mdomoni.

Nilimkuta barazani, hana nyusi hata moja. Hakuumia zaidi ya hapo, ila uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa habari na bado hajaamua kuziamini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Maji yameniwakia," alisema kwa upole, kama anayemsemea jirani.

Kisima kilikuwa kimezungushiwa miiba. Mtendaji wa kijiji alikuwa amempigia simu bwana wa maji, naye akauliza kama yanawaka. Alipoambiwa ndiyo, akasema vitu vinavyowaka si vyake. Akapigiwa bwana wa gesi, akauliza kama yanalowesha. Yanalowesha. Basi hata yeye akasema vinavyolowesha si vyake. Ikabidi uitishwe mkutano ili tujue tumechimba nini.

Imamu na katekista waliketi benchi moja, kila mmoja na tatizo lake. Imamu alitaka kujua kama udhu wa maji yanayoweza kuwaka unasihi. Katekista alisema amehubiri ubatizo wa maji na amehubiri wa moto, lakini hakutegemea vije pamoja kwenye ndoo moja. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimenunua soda dukani. Nikaishika juu wote waione.

"Mnaona mapovu humu?"

Hawakuyaona.

"Gesi imo, ila imebanwa ndani ya maji. Kule chini mawe yameyalalia maji kwa uzito mkubwa, na pana gesi inaitwa methani. Kwa ule mgandamizo, gesi inalazimika kuingia ndani ya maji na kutulia humo. Yakipanda huku juu, uzito unapungua, gesi inatoka. Ni hiyo inayowaka. Maji yenyewe hayawaki."

Nikaitikisa chupa, nikaifungua. Ikaruka yote kwenye kanzu ya imamu.

Akajifuta polepole. "Tumeelewa," alisema.

Bibi mmoja aliyeketi mbele akanyoosha mkono. "Huo mgandamizo ndiyo presha?"

"Ndiyo, bibi. Unaweza kuita presha."

"Basi ardhi ya hapa ina presha." Akawageukia wenzake. "Nilisema. Ni huu ulaji wetu wa chumvi."

Hakuna aliyecheka. Wazee wawili walitikisa vichwa kwa huruma, wakitazama chini.

Nilisema suluhisho ni rahisi: maji yamwagwe kutoka juu kama mvua ndani ya tangi lililo wazi, gesi iende zake hewani, na moto usisogee hapo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mzee mmoja alisema gesi hiyo imetoka chini ya Mkunya, ni ya Mkunya, na mimi ninayeishi Masasi nataka kuiachia iende Masasi. Wengi wakamuunga mkono. Walitaka tangi lenye mfuniko. Nilieleza kwamba tangi lenye mfuniko litalipuka. Wakasema basi uwekwe mfuniko mdogo. Tulibishana mpaka kivuli kikahama benchi zote. Mwisho mjomba alisimama, akapita mbele ya watu taratibu akiwaonyesha uso wake, akarudi kuketi. Tangi la wazi likapita.

Jioni, tukimenya mihogo, mama aliniuliza kama huko chini kabisa gesi nayo inakaa ndani ya maji vilevile.

"Chini zaidi, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, hakuna tena hiki ndani ya kile," nilimwambia. "Vinachanganyika vinakuwa kitu kimoja. Huwezi kusema haya maji, hii gesi. Vikipanda juu ndipo vinaachana."

Alimenya muhogo mzima.

"Ndivyo tulivyokuwa na baba yako," alisema. "Miaka ya shida hatukujua nani ni nani. Korosho zilipokubali, tukapumua, akaenda zake."

Baba aliondoka nikiwa mdogo, na mama hakuwahi kunieleza sababu. Nikachukua muhogo mwingine.

Tangi lilipokamilika nilipanda tena. Watu walikuwa wamejaa. Wengine walitoka mbali, Lisekese na Chiungutwa kule Masasi, kwa bodaboda, wakiwa wamesikia kuna maji yanayowaka. Fundi wa wachimbaji aliyakinga maji yaliyokwisha kupita tangini, akashusha juu yake kipimo chake kinacholia kikikuta gesi. Hakikulia. Akakishusha tena. Kimya.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuja na abiria wawili alinikabili.

"Mwalimu, sasa haya si maji tu?"

"Ni maji tu."

Akatazama umati, akatazama pikipiki yake. "Tumetoka Lisekese," alisema kwa uchungu, akaiwasha.

Wengine wakaondoka nyuma yake wakinung'unika. Mama alikuwa amekwisha kuweka ndoo yake chini ya bomba.