Marashi Kabla ya Kahawa

Juzi nilialikwa Kiembe Samaki, kwenye chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili. Wanasema chama chao kilizaliwa ukumbini kwa bibi yangu, Mji Mkongwe, na mimi ndiye shahidi aliyebaki. Sijakaa sawasawa, akaja msichana wa pale na mrashi, akaninyunyizia kichwani huku akicheka. Harufu ile, rafiki yangu, ilinirudisha miaka ya hamsini, na nilipofika sikupapenda.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa na binti ambaye akili yake haikukua pamoja naye. Wageni wakija, alifungiwa chumba cha juu kwa komeo, ili dada zake wasikose wachumba. "Mficha uchi hazai," bibi alikuwa akimwambia mamake, na kila baada ya alasiri akimchukua yule binti kwetu, akimfundisha kuchambua mchele, kutunga asumini, na kunyunyizia wageni marashi. Kazi hii ya mwisho aliipenda kupita zote. Hata paka wetu alinyunyiziwa. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikuwa nikijifanya mgeni.

Ikafika siku wanawake wa upande wa bwana walipokuja kumposa dada mkubwa wa yule binti. Kwa jirani kulinukia iliki tangu asubuhi, na haluwa sinia zima. Nilitumwa kupeleka vikombe. Nikamsikia juu anagonga mlango taratibu, kama tulivyomfunza kubisha hodi. Nikapanda, nikavuta komeo, nikampa mrashi uliokuwa umewekwa tayari. Wallahi nilitaka tu wamwone anavyojua.

Sasa wewe unajua kwetu: udi na marashi hutoka mwisho. Mgeni akishanyunyiziwa, keshaagwa. Na kahawa ilikuwa haijamiminwa. Alianza na mama wa bwana, akamrowesha mpaka buibui, kisha wa pili, kisha wa tatu, bila kumruka mtu. Mama wa bwana akasimama. "Haya jamani, tushaagwa," akasema, na wote wakashuka ngazi.

Jirani hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Aliuliza tu, "Nani kakufungulia, mwanangu?" Binti akanitazama, akatabasamu, akingoja nimsifu. Nikainama kukusanya vikombe. Bibi, aliyekuja mbio, akasema, "Nlaumu mie, bibie. Nimemfunza nusu." Hata hapo sikufungua mdomo.

Wiki haikuisha akapelekwa shamba, Kiwengwa, kwa jamaa. Masika hayajakatika, ikaja habari kwamba amekufa kwa homa. Bibi hakula siku mbili. Siku ya tatu alivaa buibui, akaanza kubisha nyumba zote alizojua zina mtoto aliyefichwa, na ukumbini kwetu wakawa watoto wanne, halafu saba. Nyumba ile imeshaanguka na kina mama wale wote wamezikwa. Mimi bado nausikia mlango unagongwa.

Niliwasimulia wanachama habari za bibi. Ya komeo sikuyasema. Wakanipigia makofi. Katibu, kijana mwenye adabu, akashika kalamu: wanataka kuandika ukutani jina la yule mtoto wa kwanza. Bibi alimwita mwanangu. Mtaa mzima, na mimi nikiwemo, tulimwita Zuzu. Jina alilopewa na mamake silijui, na wa kumwuliza hayupo.