Omena Juu ya Njia ya Watoto

Kabla sijaiona barabara niliisikia: kwaruu, kwaruu, ufagio wa waya ukikwangua lami gizani. Alfajiri hiyo ilikuwa ya siku yangu ya kwanza katika idara ya barabara, Kisumu. Fundi Mkuu alinipa ufagio mwingine kabla hata hajaniuliza jina. Rangi haishiki penye vumbi, alinieleza, na milia ya kivuko hunyunyiziwa chembe za kioo ikiwa mbichi, ili ing'ae taa za gari zinapoimulika.

Baadaye nilipelekwa Awasi kujenga matuta. Msimamizi wa huko alinifundisha kwamba tuta lisilofika ukingoni ni mwaliko: pikipiki hulikwepa na kupita pembeni, palepale watoto wanaposimama. Nilirefusha mengi.

Kazi iliyonitoa jasho zaidi, nikiwa sasa foreman, ilikuwa kwenye shule moja ya ufuoni mwa ziwa. Tulijenga njia ya miguu ya zege, imeinuka kuliko lami, ili wanafunzi wasibanane na malori ya samaki. Wiki haikuisha. Akina mama waliona mahali safi, pasipo mchanga, wakaanika omena, wale dagaa wa ziwani, mwanzo hadi mwisho. Watoto wakarudi barabarani.

Mhandisi alikuja akatazama. "Bwana Foreman, hii tulijengea watoto ama tulijengea omena?"

Nikamwendea Mama Akinyi, mwenyekiti wa wauzaji. Alinisikiliza huku akigeuza samaki wake, hakuinuka. Tulikubaliana waanike baada ya kengele ya asubuhi na kuanua kabla ya ile ya jioni. Nikarudi ofisini kifua mbele.

Hakuna aliyekumbuka watoto wa chekechea. Wao hutoka adhuhuri, jua likiwa kali na omena ikiwa bado haijakauka. Mchana mmoja lori lilifunga breki karibu kabisa na mtoto. Hakuumia, lakini nilifika na wafanyakazi na sepetu kuondoa kila kitu. Mama Akinyi alisimama mbele yetu.

"Baba, ukimwaga hii, karo nitatoa wapi?"

"Na akigongwa, Mama, hiyo karo utamlipia nani?"

Akageukia barabara. "Leo usimwage. Kesho kuja uone."

Kesho yake adhuhuri mama mmoja aliacha omena, akasimama katikati ya lami na leso ameinyoosha mikononi. Malori yakasimama. Mwingine akawapitisha watoto kando ya omena kwa mstari. Wakapangiana zamu. Mhandisi alisema hajawahi kuona alama ya barabara inayotukana madereva.

Nimestaafu sasa. Ninyi mnaoingia kazini, jifunzeni rangi, zege na vipimo. Bila hivyo hakuna kazi. Ila mkimaliza kujenga, rudini hapo adhuhuri, mkaone nani anapita na nani ameketi.

Siku yangu ya mwisho kazini nilipita pale. Zamu ilikuwa ya Mama Akinyi. Alimshika mkono mtoto wa mwisho, vidole vyake vikinuka samaki, na mtoto akaziba pua bila kuviachilia. Barabarani malori yalikuwa yamekwisha kusimama. Mwalimu wa chekechea akafunga lango la shule nyuma yao.