Nilipokonda Nyantakara

Niliolewa kutoka Ntobeye, Ngara, nikiwa na mwili wa wastani tu. Kwa wakwe zangu, Wasukuma wa Nyantakara, ugali na maziwa havikosekani, na mwaka wa tatu gauni nililoingia nalo halikupita tena mabegani. Mama mkwe alifurahi. Aliwaambia majirani, "Mwanangu anajua kutunza mke."

Mtoto hakuja. Siku zangu zilipotea miezi miwili, mitatu, na kila mara nilijidanganya kuwa ni mimba, mpaka damu ilipokuja.

Katika hospitali ya Biharamulo, daktari mmoja wa kike alinipima uzito mara mbili.

"Mafuta yakizidi mwilini yanavuruga homoni, mayai hayapevuki," aliniambia. "Punguza ugali, acha soda, tembea. Kula mboga na matunda."

"Sokoni wanasema matunda yanasafisha kizazi."

"Hayasafishi kizazi. Yana virutubisho vinavyosaidia kulinda seli za mwili, na yai nalo ni seli. Lakini siwezi kukuahidi mtoto kwa sababu ya mapera. Na mumeo aje tumpime."

Mume wangu alikataa. "Mimi siumwi," alisema.

Nikaanza peke yangu. Asubuhi papai au mapera, mchana ugali wa kiasi cha ngumi, jioni natembea mpaka barabara kuu na kurudi. Njaa ilinifanya niwe mkali. Nilimfokea hata mbuzi. Kabla mwaka haujaisha, mifupa ya shingo ikaonekana, na siku zangu zikarudi, mwezi kwa mwezi. Nilimweleza mume wangu nikicheka. Yeye alikuwa anatazama mikono yangu.

"Watu wanasema una Ukimwi," alisema.

Kumbe ndiyo sababu kikombe changu kilikuwa kimetengwa. Asubuhi yake nilimpigia mama mkwe magoti, "Shikamoo mama." Hakuitikia.

Nilirudi kwa yule daktari kupima, nikaja na karatasi ya majibu: sina virusi. Mume wangu aliisoma, akaikunja.

"Karatasi zinanunuliwa," mama yake alisema.

Nilisubiri mume wangu amjibu. Alitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Tangu siku hiyo alilala chumba kingine. Mwili ambao daktari alisema sasa unaweza kushika mimba ulilala peke yake.

Baada ya mavuno mume wangu aliletewa mke mwingine, binti mnene, mwenye haya. Aliniambia, "Shikamoo dada," nikaitikia, nikamwonyesha mahali tunapoweka chumvi. Kesho yake nilifunga nguo zangu nikapanda basi la Ngara.

Mama yangu alinipokea mlangoni, akanishika mabega, akalia. Alinipakulia ndizi na maharage, sahani imejaa mpaka inamwagika.

"Kula, mwanangu. Umekwisha."

Nilitaka kumweleza yote, kuhusu homoni na mayai, kwamba nilikuwa nimepona. Sikujua nianzie wapi. Nikala mpaka sahani ikaisha, akaniongezea.